Sheria ya Ndoa na Sisi Tuliolala Bweni Moja

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu mliojaliwa kufika, ndugu zangu wanafunzi wa zamani, na ninyi shemeji zetu mliokubali kusikiliza habari za bwenini kwa mara nyingine:

Katibu aliponiandikia kwamba safari hii ni zamu yangu kusema, niliingiwa na hofu. Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili ilikuwa mwaka 1976, nami nilikuwa nimesimamishwa kwa kosa la kutoroka mchakamchaka. Leo walau nimesimama kwa hiari yangu.

Katibu alitaka niseme juu ya kazi niliyoifanya. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mashauri ya ndoa, na kwa hiyo nitasema juu ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nitaisifu, maana inastahili. Lakini mwishoni nitasema neno ambalo sijapata kulisema mbele yenu, nalo linaihusu sheria hiyo pamoja na sanduku langu la bati, ambalo wengi wenu mnalikumbuka.

Mambo yalivyokuwa zamani

Hebu tukumbuke bweni letu. Kitanda cha juu yangu alilala Mwislamu wa kutoka Kilwa. Ng'ambo ya dirisha alikuwapo Mkatoliki wa Songea, na kando yake Mlutheri wa Moshi. Mlangoni alilala mwenzetu ambaye baba yake alikuwa na wake wanne na hakufuata dini ila ya mababu. Na darasani tulikuwa na mtoto wa mwenye duka mjini, Mhindu, aliyekuja kutwa kwa baiskeli. Wote tulikula ugali ule ule na maharage yale yale, na fimbo ya mwalimu wa zamu haikuuliza dini ya mtu.

Lakini kama sote tungalioa kabla ya mwaka 1971, kila mmoja wetu angalikuwa na sheria yake. Yule wa Kilwa angaliweza kumwacha mkewe kwa neno la kinywa chake, bila kufika mahakamani. Yule wa Songea, aliyefunga ndoa kanisani, akitaka talaka ya serikali ingalimlazimu kuthibitisha mbele ya mahakama kosa kama uzinzi au kutelekezwa. Na hata akiipata, kanisa lake lisingeitambua. Yule wa mlangoni angalikwenda kwa wazee, wakahesabu ng'ombe, mambo yakaisha. Mhindu angalifuata taratibu za watu wake.

Ugumu ulizidi pale sheria hizo zilipogongana. Mtu alifunga ndoa ya kanisa na mke mmoja, kisha akaoa wa pili kimila kule kijijini. Alipokufa, wanawake wawili walisimama kaburini, kila mmoja na ushahidi wake. Nani mke? Jibu lilitegemea umemwuliza nani.

Jinsi sheria ilivyopatikana

Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka ulioitwa Mapendekezo ya Serikali juu ya Sheria ya Ndoa. Uliandikwa kwa Kiswahili ili wananchi wausome na kuujadili, na kwa hakika waliujadili. Suala lililochoma zaidi lilikuwa la ridhaa ya mke wa kwanza pale mume anapotaka kuongeza mwingine. Wanaume wengi, wakiwamo Wakristo ambao kwa dini yao hawakuruhusiwa hata huyo wa pili, walipata ghafla mapenzi makubwa ya mila.

Jambo moja watu hawalikumbuki. Waliotunga sheria yetu walichota mengi katika kazi iliyofanywa kwa ajili ya Kenya. Serikali ya Kenya iliunda tume mwaka 1967 chini ya Jaji Spry, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1968. Sisi tuliichukua mbegu, tukaipanda kwetu, na sheria yetu ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Wenye mbegu wenyewe walichelewa. Bunge la Kenya liliukataa muswada mwaka 1976, likaukataa tena mwaka 1979, na moja ya malalamiko yaliyosemwa waziwazi ni kwamba mume angenyimwa haki ya kumrudi mkewe kwa fimbo. Kenya ilipata Sheria yake ya Ndoa mwaka 2014.

Yaliyomo

Kwanza, sheria hii haikubomoa msikiti wala kanisa. Ndoa inaweza kufungwa kwa taratibu za dini, kwa mila, au bomani, na zote zina uzito mmoja mbele ya mahakama. Kinachoulizwa ni aina tu: je, hii ni ndoa ya mke mmoja, au ni ndoa yenye nafasi ya wake zaidi? Ndoa ya Kiislamu na ya kimila hudhaniwa kuwa ya aina ya pili. Nyingine hudhaniwa kuwa za mke mmoja.

Pili, aina hiyo haibadilishwi na mume peke yake. Ni lazima wote wawili waende mbele ya hakimu au jaji, watamke kwa hiari yao. Na ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado wanaikiri imani hiyo. Hata katika ndoa ya wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, akasema: uwezo wa mume wangu ni mdogo, akiongeza mwingine sisi tuliopo tutataabika.

Tatu, mke ana haki sawa na mume ya kupata mali na kuimiliki. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na sheria imetamka wazi kwamba, hata mila iseme nini, hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kumbukeni kwamba maneno hayo yaliandikwa mwaka 1971, wakati sisi tukiwa bado shule ya msingi.

Nne, talaka ni kazi ya mahakama. Kabla ya kufika kwa hakimu, wenye ugomvi hupita katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la jumuiya yao ya dini, na baraza likishindwa hutoa hati. Hapa ndipo ilipofanywa suluhu na Waislamu. Ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama haina la kuchunguza zaidi. Hutoa amri ya talaka. Kwa maneno mengine, dini huvunja ndoa, na mahakama huandika na kugawa kilicho cha kugawa.

Seremala na mama wa maandazi

Nitakupeni mfano mmoja, bila majina. Katika miaka ya tisini nilikuwa kituo kimoja cha pwani. Akaja mama mmoja na watoto watatu. Mumewe, seremala, alikuwa amempa talaka tatu, zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Mume alipoitwa alifika amekasirika, akasema: "Mheshimiwa, mwanamke huyu nimekwisha mwacha. Shehe anajua, majirani wanajua. Mahakama inataka nini tena?"

Kabla sijafungua kinywa, mmoja wa wazee washauri wa mahakama, naye ni Mwislamu mwenye kanzu na kofia, alimjibu: "Bwana, hakuna anayekunyang'anya talaka yako. Tunataka kujua huyu mama anatoka na nini, na hawa watoto watakula wapi."

Niliwarudisha barazani kwanza, kwa kuwa hawakuwa na hati. Waliporudi nayo, na mume akatamka talaka yake upya kama taratibu zinavyotaka, tulilisikiliza shauri. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, vyumba vinne. Seremala alisema aliijenga kwa randa na msumeno wake. Mama alisema kwa miaka kumi na mmoja aliamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, na bati la vyumba viwili lilitoka katika karai lile. Majirani walishuhudia hivyo hivyo.

Sheria inasema mahakama itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kwa muda mrefu mahakimu na majaji walibishana: je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya namna hiyo, au ni wajibu tu wa mke? Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi wa familia alizitapanya. Lakini mlango alioubisha haukufungwa tena. Mama wangu wa maandazi alipitia mlango huo akapata theluthi ya thamani ya nyumba. Seremala alilipa kwa mafungu, tena, nakiri kwa heshima yake, alilipa yote.

Malalamiko yenye ukweli

Msidhani nimekuja kuimba sifa tu. Nilipokuwa kijana kazini nilidhani kila shehe aliyeilalamikia sheria hii ni mkaidi. Siku moja nikaletewa shauri la mwanamke aliyepewa talaka, akakaa eda mpaka ikaisha, akaolewa na mwingine mbele ya shehe na mashahidi. Kwa dini yake alikuwa mke halali wa mume wa pili. Kwa sheria ya nchi, kwa kuwa hakuna mahakama iliyotoa talaka, alikuwa bado mke wa yule wa kwanza. Hakuwa amemdanganya mtu wala kumwibia. Alianguka katika ufa ulio kati ya sheria mbili, na ufa huo tuliuacha sisi.

Ndiyo maana madai ya Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara hayakuzimika, na hayapaswi kuchekwa. Wenzetu wa Zanzibar sheria ya 1971 haikuwafikia. Wao wana makadhi wao, kwa sheria ya mwaka 1985 na baadaye ile ya mwaka 2017. Kenya nayo imewaweka makadhi ndani ya Katiba yake ya 2010. Mimi kwa maoni yangu bado napenda mlango mmoja wa mahakama kwa wote. Lakini mlango mmoja hauna budi kuwa na kizingiti ambacho kila mmoja anaweza kukivuka bila kuvua imani yake nje, na makarani wa mlango huo hawana budi kwenda vijijini kuwaeleza watu habari ya hati ya baraza kabla hawajaanguka, si baada.

Sanduku la bati

Sasa nafika kwenye neno nililoahidi.

Sheria ya 1971 iliweka umri wa kuoa: mwanamume miaka 18, mwanamke miaka 15. Chini ya miaka 18 msichana alihitaji ridhaa ya baba. Na mahakama ilipewa uwezo wa kuruhusu hata mwenye miaka 14 kwa sababu maalumu. Hilo lilikuwa fungu la suluhu. Watunga sheria walitazama dini hii na mila ile, wakatafuta umri ambao hautamkasirisha mtu. Msichana ndiye aliyelipa bei ya amani hiyo.

Mwaka 1974 niliporudi hapa kuanza kidato cha pili, mliniona na sanduku jipya la bati, la buluu, lenye kufuli. Nilikuwa na blanketi mpya na viatu vya ngozi. Mwaka uliotangulia nilikuja na furushi, nanyi mkaniita "Mchuuzi". Karo hatukulipa siku zile, lakini nauli, sare, godoro na sanduku vilimhusu mzazi. Mliniuliza nimeokota wapi utajiri. Nilikudanganyeni kwamba kahawa ya baba imepata bei.

Haikuwa kahawa. Likizo ile dada yangu aliyenifuata kuzaliwa aliolewa. Alikuwa na miaka 15 na alikuwa darasa la sita. Ng'ombe mmoja wa mahari aliuzwa mnadani, na sanduku likanunuliwa. Ndoa ilifungwa kanisani, kwaya ikaimba, mimi nikavaa viatu vile. Baba yetu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya na hakuvunja sheria yoyote. Sheria ilisema kumi na tano, naye binti alikuwa amezitimiza. Nasema haya ili pasiwe na mtu hapa wa kudhani kwamba jambo la umri ni la Waislamu peke yao. Sisi kwetu tulikuwa wazee wa kanisa.

Kwa hesabu, dada yangu alikuwa hodari kuliko mimi. Hilo aliniambia mwalimu wetu wa shule ya msingi miaka mingi baadaye, nami nilikuwa nalijua, maana hesabu zangu za nyumbani ndiye aliyezisahihisha.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Ikasema vifungu hivyo vya umri ni kinyume cha Katiba, na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba sheria ile ni suluhu ya mila na dini mbalimbali, na suluhu haivunjwi kirahisi. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa rufaa hiyo. Mwaka mmoja baadaye vifungu vilikuwa bado vimekaa kitabuni kama vilivyoandikwa. Katikati ya hayo, mwaka 2016, Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho ikawa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa la jinai, kifungo miaka 30. Basi aliye shuleni alipata ngome. Aliyekatishwa masomo alibaki nje ya boma.

Nilimsomea dada yangu uamuzi ule wa 2019 gazetini, akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kaka, hao majaji wamesema na habari ya mashamba?" Nikamwambia hapana, hiyo ni mirathi, ni shauri lingine. Akasema, "Haya," akaendelea na mchele wake.

Shauri lingine

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mumewe alifariki akiwa na miaka 40 na kidogo, hakuacha wosia. Sheria ya Ndoa haikugusa mirathi. Mirathi iliachwa katika mafungu yake ya zamani: sheria ya Kiislamu kwa wanaoifuata, sheria ya India ya mwaka 1865 kwa wengine, na kwa walio wengi vijijini kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963. Kwa kanuni hizo mabinti hurithi katika daraja la tatu, na mjane ambaye mumewe ameacha ndugu wa ukoo hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kiume wa dada yangu alikuwa na miaka saba. Ndugu za marehemu walilichukua shamba "wamshikie". Alipokua, walikuwa wamelishika sana hata halikuachika.

Tazameni jinsi majirani wawili walivyogawana kazi. Kenya ilishindwa katika ndoa kwa zaidi ya miaka 40, lakini Sheria yake ya Mirathi ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1981, ingawa mwaka 1990 Waislamu walitolewa chini yake. Sisi tuliweza ndoa, mirathi ikatushinda. Mwanamke wa kwetu akiachwa, hakimu humgawia mali kwa mchango wake. Akifiwa, huweza kutoka mikono mitupu, ingawa mchango ni ule ule na karai ni lile lile. Jambo hili nimelifikiri miaka mingi, na mpaka leo sijamwona mtu wa kunieleza haki yake iko wapi.

Maombi yangu matatu

Ndugu zangu, sisi si Bunge. Lakini humu ndani wamo wazee wa kanisa, wamo maimamu, wamo wenyeviti wa mabaraza ya kata, na karibu sote ni baba na babu. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, kila mmoja aandike wosia kabla ya mkutano wetu ujao, kwa mujibu wa dini yake au sheria inayomhusu. Wengi wetu tumekwisha vuka miaka 60, na safari ya ghafla haina taarifa.

La pili, mliomo katika mabaraza ya usuluhishi, toeni hati kwa wakati. Nimeona wanawake wakizungushwa miezi kwa sababu mwenyekiti ana mavuno.

La tatu, mjukuu wako wa kike akiletewa posa na bado ana miaka 15, 16 au 17, usingoje Bunge. Umri uliomo katika sheria ni wa chini kabisa. Hakuna kifungu kinachokulazimisha kutoa ridhaa. Baba yangu alikuwa na uwezo wa kusema hapana, na mimi, ambaye nililiona sanduku likinunuliwa, nilikuwa na uwezo wa kusema kwamba furushi linanitosha. Sikusema.

Sanduku ninalo mpaka leo. Dada yangu, anayeishi nasi sasa, huwekea humo vitenge vyake. Kufuli lilikwisha potea.

Ndugu Mwenyekiti, kengele ya chakula imekwisha lia, na katika bwalo hili tunajua sote nini humpata mchelewaji.